Kuchanganya na Kuficha: Ethanoli Katika Petroli na Hatima ya Magari Yetu Makuukuu

Katika mji wetu wa Songea gari si pambo. Lile Corolla kuukuu, lililoingia nchini likiwa limekwisha kutumika Japani miaka mingi, ndilo linalomfikisha mgonjwa hospitali ya mkoa usiku wa manane. Ndilo linaloleta magunia ya mahindi kutoka Namtumbo, na siku ya Ijumaa ndilo linalowakusanya wazee kwenda msikitini. Pikipiki ya bodaboda nayo kwa vijana wengi ni shamba lao: humo ndimo hutoka ada ya madrasa ya watoto na posho ya nyumbani. Chombo kikilala gereji wiki moja, nyumba nzima hulala nacho.

Kwa hiyo zinapotufikia habari za mjadala wa dunia kuhusu petroli iliyochanganywa na ethanoli, kila kaya yenye chombo kikongwe ina haki ya kuuliza maswali matatu. Je, mchanganyiko huo utaharibu injini? Je, Muislamu anaweza kutia katika tangi lake kitu ambacho asili yake ni kileo? Na la tatu, ambalo kwa maoni yetu ndilo zito kuliko yote: ni nani atakayetuambia kilichomo ndani ya lita tunayoinunua?

Jirani wa ng'ambo ya ziwa

Hatuna haja ya kwenda mbali kutafuta mfano. Mtu akisimama ufukweni Mbamba Bay na kutazama ng'ambo ya Ziwa Nyasa, anaitazama Malawi, nchi ambayo imekuwa ikichanganya ethanoli katika petroli tangu mwaka 1982. Kiwanda cha kwanza kilijengwa Dwangwa, katika wilaya ya Nkhotakota, kando ya ziwa hilohilo. Malighafi yake ni molasi, yale masalia mazito yanayobaki baada ya miwa kutolewa sukari. Kiwanda cha pili, cha Nchalo kusini mwa nchi, kilianza mwaka 2004.

Sababu yao inaeleweka. Malawi haina bandari ya bahari, na katika miaka ya 1980 vita vya Msumbiji vilizikata njia za Beira na Nacala. Kila lita iliyopatikana nyumbani ilikuwa lita isiyohitaji kuagizwa kwa fedha za kigeni na kusafirishwa kwa njia ndefu. Kiwango cha ethanoli kimekuwa kikipanda na kushuka, na kimefika hadi asilimia 20. Zimbabwe nayo ililazimisha uchanganyaji mwaka 2013. Hapa kwetu Serikali iliunda kikosi kazi cha nishati ya mimea mwaka 2006 na kutoa miongozo yake mwaka 2010. Basi jambo hili si geni katika ukanda wetu, na msafiri wa Songea anayejaza tangi Mzuzu au Lilongwe hana budi kulifahamu.

Kinachotokea ndani ya gari

Tuanze na haki ya ethanoli kabla ya lawama zake. Huwaka vizuri, huipa petroli nguvu ya kuhimili mgandamizo bila injini kugonga, na hupunguza moshi wenye sumu ya kaboni monoksaidi. Tangu nchi za Afrika kusini mwa Sahara zilipoachana na petroli yenye risasi mwishoni mwa mwaka 2005, sifa hiyo ya kuzuia injini kugonga imezidi kuwa na thamani.

Hata hivyo, gari la zamani lina malalamiko ya haki, nayo ni matano.

La kwanza, ethanoli huyeyusha uchafu. Tangi la miaka ishirini lina matope na kutu iliyoganda. Mchanganyiko mpya huviondoa na kuvisukuma mbele, navyo huziba chujio la mafuta na matundu madogo ya kabureta. Gari huanza kumisi, na mwenyewe hudhani injini imekufa.

La pili, hudhoofisha mipira ya zamani. Paipu za mafuta, oringi na gasketi ambazo hazikutengenezwa kwa ajili yake huvimba, hulainika au hupasuka. Paipu inayovuja petroli juu ya injini yenye moto ni hatari kwa maisha ya watu.

La tatu, hunyonya maji. Ethanoli huvuta unyevu wa hewani, na maji yakizidi, hujitenga pamoja nayo na kutuama chini ya tangi, mahali hasa pampu inapovutia. Chombo kinachokaa miezi bila kuwashwa wakati wa masika yetu marefu ndicho kinachoathirika zaidi, na kutu hufuata.

La nne, hubadili kipimo cha hewa na mafuta. Gari la kisasa lina kihisi kinachopima moshi na kurekebisha chenyewe. Kabureta haina akili hiyo. Mchanganyiko huwa mwepesi kuliko inavyotakiwa, na injini huchemka zaidi.

La tano, hupunguza mwendo kwa lita. Lita moja ya ethanoli ina takriban theluthi mbili tu ya nishati iliyomo katika lita ya petroli. Kwa mchanganyiko wa asilimia 10, upungufu ni kama asilimia 3. Kwa asilimia 20, ni kama asilimia 6 au 7. Kwa bodaboda anayejaza kila siku, hiyo ni fedha inayoonekana.

Ikumbukwe kwamba Japani, yanakotoka magari yetu mengi, iliweka mwaka 2003 kikomo cha ethanoli cha asilimia 3 kwa magari ya kawaida. Gari la miaka hiyo halikusanifiwa kwa kutarajia asilimia 20. Wenye magari ya dizeli wasihangaike, kwani mjadala huu ni wa petroli.

Walioambiwa na wasiopewa hiari

Nchi zilizolishughulikia jambo hili kwa utulivu zilianza kwa kusema wazi. Uingereza, ilipoifanya petroli yenye ethanoli ya hadi asilimia 10 kuwa ya kawaida mwezi Septemba 2021, iliiacha ile ya asilimia 5 katika daraja la juu kwa ajili ya magari ya zamani. Pampu ziliandikwa kiwango, na mwenye gari aliweza kuangalia katika tovuti ya serikali kama gari lake linafaa. Marekani iliruhusu mchanganyiko wa asilimia 15 kwa magari yaliyotengenezwa kuanzia mwaka 2001 tu, ikaukataza kwa pikipiki, na kuamuru tangazo libandikwe kwenye pampu.

India, ambako pikipiki nyingi za bodaboda zetu hutengenezwa, ilifikia asilimia 20 mwaka 2025. Serikali yake ilisema hofu ya uharibifu imetiwa chumvi, ingawa ilikiri kwamba mwendo kwa lita hupungua kidogo. Wenye magari ya zamani walilalamika kwamba hawakupewa hiari. Ombi la kutaka petroli isiyo na ethanoli iendelee kupatikana, na pampu ziandikwe kilichomo, lilifikishwa Mahakama ya Juu ya nchi hiyo mjini Delhi, nayo ikalitupa tarehe 1 Septemba 2025.

Msomaji atazame vizuri malalamiko yale. Uharibifu wa mashine ulikuwa nusu ya jambo. Nusu ya pili ilikuwa kwamba mtu hakupewa nafasi ya kujua na kuchagua.

Sisi tuliwahi kuchanganyiwa gizani

Watanzania tunalijua hilo kuliko wengi. Kwa miaka kadhaa mafuta ya taa, yaliyotozwa ushuru mdogo ili mnyonge aweze kuwasha taa, yaligeuzwa kuwa mtaji wa wadanganyifu waliyamimina katika dizeli na petroli. Neno uchakachuaji likaenea nchi nzima. Mafuta ya taa katika petroli huifanya injini igonge, hujaza masizi katika plagi na kuua nguvu ya gari, wala hakuna mwongozo wowote wa fundi unaoyahalalisha.

Mamlaka ya Udhibiti wa Huduma za Nishati na Maji, EWURA, ilianza kuweka vinasaba katika mafuta mwezi Septemba 2010 ili yaliyochakachuliwa yatambulike. Mwaka uliofuata ushuru wa mafuta ya taa ulipandishwa sana ili wizi huo ukose faida. Dawa ilikuwa kali, na aliyeinywa ni bibi kizee wa kijijini aliyekuwa akinunua kibaba cha mafuta ya koroboi. Mdanganyifu alichuma, na maskini akalipa. Somo hilo tusilisahau: udanganyifu katika bidhaa moja huishia katika nyumba ya mtu asiyemiliki hata baiskeli.

Kileo katika tangi

Sasa tuingie katika swali la dini. Ethanoli ndiyo ileile alkoholi iliyomo katika pombe. Mwaka 2009 Sheikh Mohamed Al-Najimi wa Saudi Arabia aliwatahadharisha vijana wanaosoma nchi za nje dhidi ya kutumia mafuta yenye alkoholi, akitegemea hadithi inayowalaani wote wanaoshughulika na ulevi, pamoja na mbebaji na muuzaji. Yeye mwenyewe alisisitiza kwamba hiyo ilikuwa rai yake na si fatwa.

Kwa upande mwingine, wanazuoni wengi wa zama hizi hutofautisha kinywaji cha kulevya na kemikali ya kiwandani isiyoandaliwa kunywewa. Mwaka 2002 Baraza la Fiqhi la Rabita, mjini Makka, liliruhusu alkoholi itumike kwa nje kama dawa ya kuua vijidudu. Kuhusu najisi, wengi wa wanazuoni wa madhehebu manne wameihesabu khamri kuwa najisi, ilhali wachache, akiwemo Al-Muzani, mwanafunzi wa Imamu Shafii mwenyewe, waliiona ni tohara ya kimwili ingawa ni haramu kuinywa. Anayetaka kujitoa katika khitilafu ana njia nyepesi: yakimrukia mafuta, na aioshe nguo yake kabla ya swala. Hukumu yenyewe tunawaachia masheikh wetu, wallahu a'lam.

Uzito wa ghishi

Kuna jambo ambalo halina khitilafu, nalo ni ghishi. Surat Al-Mutaffifin inaanza na onyo kwa wanaopunja vipimo. Na imepokewa kwamba Mtume wetu (S.A.W.) alipita sokoni penye rundo la chakula, akaingiza mkono wake, na vidole vyake vikakuta unyevu. Mwenye mali alieleza kwamba ni mvua. Mtume akamuuliza kwa nini hakukiweka kile kilicholowa juu ili watu wakione, kisha akabainisha kwamba mwenye kughushi hayumo pamoja naye.

Tulizingatie tukio hilo. Mfanyabiashara yule alilaumiwa kwa kukifunika chakula kilicholowa, na dawa aliyoonyeshwa ilikuwa kukiweka wazi. Hiyo ndiyo mizani tunayoipendekeza katika suala la petroli. Ethanoli iliyotangazwa kwenye pampu, yenye kiwango kinachojulikana na bei inayolingana na nishati yake, ni bidhaa ambayo mtu anaweza kuikubali au kuikataa. Ile isiyotangazwa, hata ikiwa asilimia 5, imekwisha kuingia katika mlango wa ghishi. Kwetu Ruvuma, ambako petroli hufika baada ya safari ndefu kutoka bandari ya Mtwara au Dar es Salaam, mnunuzi tayari hulipia masafa. Si haki alipie na siri.

La kufanya nyumbani na gereji

Mwenye chombo cha zamani asisubiri sheria ndipo ajiandae. Paipu za mafuta zilizokakamaa zibadilishwe kwa zinazohimili ethanoli, kwani gharama yake ni ndogo kuliko ya gari lililoungua. Chujio likaguliwe, hasa baada ya safari ya Malawi. Chombo kitakachokaa muda mrefu kisiachwe na mafuta ya mchanganyiko ndani ya tangi.

Fundi anaweza kupima kwa njia rahisi. Katika chupa ya kioo yenye alama za kipimo atie maji mililita 10 na petroli mililita 90, aifunge, aitikise, kisha aiache itulie. Tabaka la chini likibaki mililita 10, hakuna ethanoli ya kutajika; likiongezeka na kukaribia 20, ethanoli ni kama asilimia 10. Kazi hii ifanyike gereji, mahali pa wazi, mbali na moto na watoto.

Risiti idaiwe kila mara, nayo ioneshe kituo, tarehe, aina ya mafuta na bei ya lita. Bila risiti, malalamiko yako mbele ya EWURA hayana miguu. Na akina mama watahadhari: petroli ikichanganyika na mafuta ya taa huweza kulipuka katika koroboi au jiko, hivyo kidumu kilichobeba petroli kisibebe tena mafuta ya nyumbani.

Kwa ndugu zetu wenye vituo vya mafuta, tunawaomba wakumbuke kwamba mteja haoni ndani ya bomba. Anaikabidhi fedha yake, na pengine roho za wanawe, kwa amana ya muuzaji. Mwenyezi Mungu atujaalie riziki ya halali, vipimo vya haki, na vyombo vyetu vitufikishe salama. Amin.