Fahamu: Johnson alipong'atuka, nani alimchagua waziri mkuu wa Uingereza?

Waingereza hawampigii kura waziri mkuu moja kwa moja. Anayeongoza chama chenye wabunge wengi ndiye anayekabidhiwa serikali. Kwa hiyo Boris Johnson alipotangaza kung'atuka Julai 7, 2022, kazi ya kumpata mrithi ilikuwa ya chama cha Conservative peke yake.

Wabunge ndio walioanza. Walipiga kura raundi baada ya raundi, wa mkiani wakienguliwa, hadi wakabaki wawili. Katika raundi ya mwisho Rishi Sunak alipata kura 137, Liz Truss 113 na Penny Mordaunt 105, akatolewa. Karatasi zikapelekwa kwa wanachama, watu wapatao 172,000 katika nchi yenye zaidi ya milioni 60. Huko kibao kikageuka: Truss 81,326, Sunak 60,399.

Tatizo ndilo hilo. Kipenzi cha wanachama ambaye si chaguo la kwanza la wabunge wake huingia madarakani bila ngao bungeni. Mpango wa Truss wa kupunguza kodi ulipoyumbisha masoko ya fedha, wabunge hawakumvumilia. Oktoba 20 akatangaza kujiuzulu.

Safari hii chama hakikutaka kampeni ndefu. Julai mgombea alihitaji wabunge 20 tu wa kumdhamini. Sasa kizingiti kikapandishwa hadi 100, kwa makusudi nadhani. Johnson, aliyekuwa akipiga hesabu za kurudi, akajiondoa. Mordaunt naye akafuata. Oktoba 24 Sunak akapita bila kupingwa, wanachama hawakuulizwa.