Kamera ya ulinzi isiyo na waya: Pima haya kabla ya kununua

Na Mwandishi Wetu

KAMERA za ulinzi zisizo na waya sasa zinauzwa katika maduka mengi ya vifaa vya umeme Kariakoo, jijini Dar es Salaam, na hata katika miji ya mikoani. Kifaa ambacho zamani kilionekana katika mabenki, mahoteli na balozi leo hutundikwa juu ya geti la nyumba ya kawaida, iwe Tegeta, Kigamboni au Gongo la Mboto.

Sababu yake inaeleweka. Kamera za waya huhitaji fundi wa kutoboa kuta, kupitisha nyaya darini na kuunganisha mashine ya kurekodia. Isiyo na waya hufungwa kwa skrubu chache, huunganishwa na simu ya mkononi, na mwenye nyumba huliona geti lake akiwa kazini au safarini.

Hata hivyo, kinachoandikwa kwa herufi kubwa kwenye boksi, yaani ukubwa wa picha, si jambo la kwanza la kupima. Kamera ya nje ina kazi moja: kuwa macho usiku wa tukio na kuutunza ushahidi hadi utakapohitajika. Yapo mambo manne yanayoweza kuiangusha hata ikiwa picha yake ni nzuri, nayo ni umeme, mtandao, hifadhi ya picha na neno la siri. Makala haya yanaeleza namna ya kuyapima.

'Bila waya' ni ya aina mbili

Maneno 'bila waya' hubeba maana mbili, na mnunuzi asipouliza anaweza kurudi nyumbani na kifaa asichokikusudia.

Aina ya kwanza hutuma picha kwa Wi-Fi, lakini hupata umeme kwa waya kutoka kwenye adapta. Faida yake ni kwamba inaweza kurekodi mfululizo usiku na mchana. Udhaifu wake ni kwamba umeme ukikatika, nayo huzimika, isipokuwa kama imeunganishwa na betri ya akiba.

Aina ya pili haina waya wowote. Hutumia betri inayochajiwa kwa adapta au kwa paneli ndogo ya sola. Ili betri idumu, kamera ya namna hii kwa kawaida hulala na kuamka tu inapohisi mwendo. Hapo ndipo penye kasoro ambayo wauzaji hawaitaji sana: sekunde za mwanzo za tukio zinaweza kupotea wakati kamera inaamka, na mtu anayepita haraka akaonekana mgongo tu.

Aidha, kitambuzi cha mwendo cha kamera nyingi za betri hufanya kazi kwa kulinganisha joto la mwili na joto la mazingira. Mahali penye joto kali, ambapo ukuta na ardhi hukaribia joto la mwili wa binadamu, uwezo huo hupungua. Vilevile, kitambuzi hicho humhisi vizuri zaidi mtu anayekatiza mbele ya kamera kuliko anayeijia moja kwa moja. Kwa hiyo kamera ya betri haifai kuelekezwa sawasawa na njia ya kuingilia. Iwekwe pembeni ili mgeni akatize mbele yake.

Anayechagua ya sola ahakikishe kuwa paneli haifunikwi na kivuli cha mti wala cha upenuo wa paa, na kwamba vumbi linafutwa mara kwa mara. Wakati wa masika, mawingu yanapokaa siku kadhaa, betri inaweza kushuka kuliko ilivyozoeleka.

Umeme ukikatika

Wengi hudhani kuwa kamera ya betri ikishapatikana, tatizo la umeme limekwisha. Sivyo. Ruta inayosambaza Wi-Fi nayo hutegemea umeme. Ikizimika, kamera hubaki macho lakini haina njia ya kutuma picha wala kumpa taarifa mwenye nyumba.

Dawa yake si ghali sana ikilinganishwa na kamera yenyewe. Ruta ya nyumbani hutumia umeme mdogo, aghalabu wati 10 hivi, hivyo betri ndogo ya akiba iliyotengenezwa kwa ajili ya ruta inaweza kuiendesha kwa saa kadhaa. Asiyeinunua ahakikishe angalau kamera yake inapokea kadi ya kumbukumbu, ili iendelee kurekodi yenyewe hata mtandao usipokuwepo.

Mtandao hadi getini

Kamera nyingi za nje hutumia Wi-Fi ya gigahezi 2.4, ambayo hufika mbali na kupenya kuta vizuri kuliko ile ya gigahezi 5. Hata hivyo, kuta za tofali za saruji, zege lenye nondo, mageti ya chuma na mabati huipunguza nguvu. Ruta iliyo sebuleni inaweza kuonekana ina nguvu tele, kumbe getini haifiki.

Jaribio lake ni rahisi na halina gharama. Kabla ya kununua, simama na simu mahali hasa utakapoifunga kamera, funga milango yote ya nyumba, kisha fungua video kwa kutumia Wi-Fi ya nyumbani. Ikikwamakwama, kamera nayo itakwama.

Pasipo na Wi-Fi, kwa mfano shambani au kwenye nyumba inayojengwa, zipo kamera zinazotumia laini ya simu. Hapa swali ni bando. Kamera inayotuma picha mfululizo kwa kasi ya megabiti 1 kwa sekunde hutumia takribani gigabaiti 10.8 kwa siku moja. Lakini ikituma vipande vya tukio tu, tuseme vipande 30 vya sekunde 20 kwa siku kwa kasi ya megabiti 2, matumizi ni megabaiti 150 kwa siku, au gigabaiti 4.5 kwa mwezi. Tofauti hiyo ndiyo inayoamua kama kamera itamudu kuishi au itakatiwa huduma bando likiisha.

Picha: hesabu ya mita

Maandishi ya 1080p maana yake ni picha yenye pikseli 1,920 kwa upana na 1,080 kwa kimo. Ile inayoitwa 4K ina pikseli 3,840 kwa upana. Namba hizo hazina maana mpaka zigawanywe kwa upana wa eneo linalotazamwa.

Viwango vya kimataifa vya kamera za ulinzi huelekeza kuwa ili kumtambua mtu usiyemfahamu, zinahitajika pikseli 250 kwa kila mita ya upana wa eneo. Kumtambua mtu unayemfahamu huhitaji pikseli 125. Kwa hesabu hiyo, kamera ya 1080p inaweza kukuonyesha sura ya mgeni iwapo eneo inalolitazama halizidi upana wa mita 7.7 hivi.

Sasa tazama lenzi. Kamera yenye upeo mpana wa nyuzi 110 hufikia upana huo ikiwa mbali na mtu kwa mita 2.7 tu. Zaidi ya hapo utaona kwamba kuna mtu, nguo alizovaa na alikoelekea, lakini sura yake haitatosha kuwa ushahidi. Kamera hiyohiyo ikiwa na lenzi ya nyuzi 60 huisoma sura hadi mita 6.6. Ya 4K yenye upeo wa nyuzi 110 hufika mita 5.4 pekee.

Funzo lake ni kwamba kamera moja ya kutazama uwanja mzima na kusoma sura za watu getini kwa pamoja ni vigumu kuipata. Ni heri kamera mbili za kawaida, moja ya uwanja na moja iliyolenga mlango, kuliko moja ya bei kubwa iliyoelekezwa kila mahali.

Usiku mambo hubadilika tena. Kamera nyingi huangaza kwa mwanga wa infraredi ambao jicho la binadamu halioni, na picha hutoka nyeusi na nyeupe. Rangi ya shati au ya gari haitajulikana. Zilizo na taa nyeupe hutoa picha ya rangi na huweza kumshtua mvamizi, ingawa hula betri haraka zaidi. Wadudu na utando wa buibui mbele ya lenzi hung'aa usiku na kuziba picha, hivyo lenzi isafishwe mara kwa mara.

Mvua, chumvi na kimo

Kwenye boksi tafuta herufi IP zikifuatiwa na tarakimu mbili. Ya kwanza huhusu vumbi, na 6 ndicho kiwango cha juu kabisa. Ya pili huhusu maji: 5 ni kustahimili maji yanayorushwa kwa bomba, 6 ni maji ya kasi kubwa, na 7 ni kuzamishwa hadi mita 1 kwa nusu saa. Kwa nyumba ya kwetu, IP65 au IP66 inatosha. Wakazi wa karibu na bahari waangalie pia skrubu na vishikizo, kwa kuwa hewa ya chumvi hula chuma.

Kamera isitundikwe juu mno. Ikizidi mita 3 na kuwa karibu na mlango, itaona kofia badala ya nyuso. Ikiwa chini sana, mkono utaifikia. Kimo cha kati ya mita 2.5 na 3 kinafaa nyumba nyingi.

Picha zitakaa wapi?

Kadi ya kumbukumbu hununuliwa mara moja na haidai intaneti. Yenye ukubwa wa gigabaiti 128 hubeba takribani siku 11 za kurekodi mfululizo kwa kasi ya megabiti 1, kisha huanza kufuta za zamani. Chagua kadi zilizotengenezwa kwa ajili ya kurekodi muda wote, kwani za kawaida huchoka mapema. Hatari yake ni dhahiri: mwizi akiing'oa kamera, ameondoka na ushahidi.

Hifadhi ya mtandaoni huondoa hatari hiyo, lakini hudai malipo ya kila mwezi au mwaka, na huziweka picha za nyumba yako mikononi mwa kampuni. Uliza dukani: nisipolipia, kamera itanipa nini? Zipo ambazo hubaki kuonyesha picha za wakati huo tu, bila kumbukumbu yoyote. Njia iliyo salama zaidi ni kuwa na vyote viwili, kadi ndani ya kamera na nakala za matukio nje yake.

Hakikisha pia saa na tarehe za kamera ni sahihi. Sheria ya Miamala ya Kielektroniki ya mwaka 2015 inaruhusu ushahidi wa kielektroniki mahakamani, lakini uzito wake hutegemea jinsi ulivyotengenezwa, ulivyotunzwa na kama haujachezewa.

Ufunguo ni neno la siri

Kamera iliyounganishwa na intaneti ni mlango mwingine wa nyumba. Mwaka 2016 programu haribifu iliyoitwa Mirai iliteka kamera na vifaa vingine duniani kwa kujaribu tu maneno ya siri ya kiwandani ambayo wenyewe hawakuyabadilisha. Oktoba 21 mwaka huo, jeshi hilo la vifaa lilitumika kuishambulia kampuni ya Dyn ya Marekani, na tovuti kubwa kama Twitter na Netflix zikawa hazipatikani kwa saa kadhaa kwa watumiaji wengi.

Hata kampuni zenye majina hazikusalimika. Mwaka 2023 mamlaka ya biashara ya Marekani, FTC, iliituhumu Ring, kampuni ya Amazon, kwa kuwaachia wafanyakazi kuona video binafsi za wateja, na kampuni hiyo ikakubali kulipa dola milioni 5.8. Februari 2024 hitilafu katika kamera za Wyze iliwafanya watumiaji wapatao 13,000 kuona picha za nyumba zisizo zao. Nchini Uingereza, sheria iliyoanza kutumika Aprili 29, 2024 inapiga marufuku vifaa vyenye neno la siri la kiwandani lililo rahisi kubuniwa.

Mnunuzi hana budi kubadili neno la siri siku ya kwanza, asilitumie kwingine, awashe uthibitisho wa hatua mbili na akubali masasisho ya programu. Fundi akishafunga kamera, akaunti iwe ya mwenye nyumba, si ya fundi.

Usimmulike jirani

Ibara ya 16 ya Katiba inalinda faragha ya mtu na makazi yake, na Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 ilianza kutumika Mei 1, 2023. Mwaka 2021 mahakama ya Oxford, Uingereza, iliamua kuwa mwenye nyumba alikiuka sheria ya taarifa binafsi kwa kamera zilizomnasa jirani, hususan kwa uwezo wake wa kurekodi sauti kutoka mbali. Elekeza kamera kwenye geti lako, ziba kwa programu sehemu inayoingia uani kwa jirani, zima sauti isipohitajika, na waeleze watu wa nyumbani, akiwamo dada wa kazi na mlinzi, kuwa wanarekodiwa.

Kamera haimkamati mwizi wala haichukui nafasi ya taa, kufuli imara na majirani wanaojuana. Kwa hiyo, ukishaifunga, ijaribu usiku mmoja: zima swichi kuu ya umeme, mtume mtu atembee kutoka getini hadi mlangoni, kisha tafuta picha yake kwenye simu na kwenye kadi. Usipomtambua, irekebishe au irudishe dukani kabla muda wa dhamana haujakwisha.