Usinunue jina kabla ya kupiga hesabu

Mtu anayeingia kwenye biashara kwa mara ya kwanza, hasa mtumishi aliyestaafu na mafao yake ya mkupuo, huogopa zaidi kuanzisha kitu ambacho hakuna anayekijua. Hapo ndipo franchaizi inapomvuta. Unalipa ada ya kuingia, unapewa jina ambalo wateja wamekwishalizoea, unafundishwa kazi, unaambiwa hata ukuta upakwe rangi gani. Hofu inatulia. Hatari yenyewe haijaondoka, na mwenye mtaji mmoja tu maishani hana budi kuitazama usoni kabla ya kutia saini.

Chukua KFC, chapa ya franchaizi: Januari 2022 wateja wake nchini Kenya waliagiza chipsi wakaambiwa zimekwisha. Viazi vilikuwa vikiagizwa kutoka nje na shehena ilikuwa imechelewa. Wakenya walikuja juu mitandaoni wakiuliza inakuwaje viazi vikosekane katika nchi yenye mashamba ya viazi ya Nyandarua. Kampuni ilijibu kwamba kila msambazaji lazima apite kwenye ukaguzi wa ubora wa chapa hiyo, na utaratibu huo haurukwi hata bidhaa ikiisha. Baada ya kelele hizo ndipo ikasema itashughulikia suala la kununua kwa wakulima wa ndani.

Kampuni kubwa yenye matawi mengi huweza kuhimili wiki kama hizo. Jiweke sasa wewe mwenye duka moja, umekodi fremu barabarani, wafanyakazi wanasubiri mshahara, na sokoni hatua chache kutoka mlangoni kwako viazi vimejaa magunia. Huruhusiwi kuvinunua. Ukivinunua umevunja mkataba, na jina unaweza kunyang'anywa. Hiki ndicho wanunuzi wengi hawakipimi: mtaji ni wako na hasara ni yako, ila maamuzi mengi yana mwenyewe.

Twende kwenye fedha. Chukua mfano wa duka la chakula linalouza shilingi 20,000,000 kwa mwezi, ukiacha VAT. Malighafi na vifungashio vichukue 9,000,000, mishahara 3,000,000, pango 2,500,000, umeme, maji na mafuta ya jenereta 1,200,000, matengenezo na vibali 800,000. Kisha mwenye chapa anadai mrabaha wa asilimia 6 na mchango wa matangazo wa asilimia 4. Asilimia hizo kwa kawaida hukatwa kwenye mauzo, wala hazingoji faida. Kwa hiyo yeye anachukua 2,000,000 na wewe unabaki na 1,500,000, marejesho ya mkopo bado hayajaguswa.

Sasa mauzo yashuke kwa asilimia 10 tu, labda barabara imechimbwa mbele ya duka. Malighafi zitapungua hadi 8,100,000, lakini pango na mishahara havitapungua. Mwenye chapa atapata 1,800,000. Wewe utapata 600,000. Rudia hesabu hii kwa takwimu za duka unalolitaka, na mhasibu asiyelipwa kamisheni na muuzaji akae pembeni yako. Ikiwa marejesho ya benki ni makubwa kuliko kile kinachobaki katika mwezi mbaya, na hati ya nyumba ya familia ndiyo dhamana, biashara hiyo si yako kwa sasa.

Mkataba nao usomwe na wakili. Aangalie kama kampuni inaweza kufungua tawi jingine mtaa wa pili, kama unaweza kuuza biashara yako bila idhini yao, gharama za kukarabati duka wakibadili muonekano zinamwangukia nani, na mgogoro utasikilizwa Dar es Salaam au ng'ambo. Umakini huu unahitajika zaidi kwetu kwa sababu Tanzania na Kenya hazina sheria mahsusi ya franchaizi. Marekani, muuzaji analazimika kumpa mnunuzi waraka wa taarifa zake siku 14 kabla ya kusaini au kulipa. Afrika Kusini, mnunuzi ana siku 10 za kazi baada ya kusaini za kubadili mawazo. Hapa kwetu ukishasaini, umesaini.

Sisemi franchaizi zote ni mtego. Jibu, kampuni ya maji yenye vituo Rwanda, Uganda, Kenya na Tanzania, hutumia mfumo huu kuwapa wajasiriamali wa mitaani uwezo wa kusafisha na kuuza maji ya kunywa katika maeneo yao. Kubuni mtambo wa kuchuja, kuupima na kuutunza si kazi ya kujifunza kwa kubahatisha, kwa hiyo kulipia ujuzi huo kuna mantiki. Kipimo changu ni hicho. Mwenye chapa akikupa jambo gumu ambalo peke yako lingekuchukua miaka, lipia. Akikupa bango, sare na orodha ya bei, fungua lako kwa jina lako, hata kama litaanza na wateja wachache.

Na kabla ya yote, nenda kakae mkabala na tawi linalofanya kazi, Jumanne asubuhi na tena Jumamosi jioni, uhesabu wanaotoka na mifuko mkononi. Zungumza na mwenye tawi hilo akiwa peke yake, bila ofisa wa kampuni. Muulize alirudisha mtaji baada ya muda gani, na kama leo angeanza upya angenunua tena. Kisha iombe kampuni majina ya waliofunga matawi yao, uwapigie simu. Kampuni ikikataa kukupa majina hayo, usisaini.