Wezi wa faili wakidai fidia: usilipe haraka, na usichomeke flashi



Katika kikao cha wachungaji wa sehemu yetu, ndugu mmoja aliuliza kama ni halali kutoa dola 490 katika sanduku la ujenzi ili kuifungua kompyuta iliyofungwa na wezi. Hakusema kompyuta ni ya nani, nasi hatukumwuliza. Lakini mimi niliijua ile hesabu. Dola 490 ndizo nilizodaiwa mimi mwaka 2021, na kwa siku mbili nzima sikumwambia mtu, kwa haya. Basi naeleza hapa yaliyonipata na niliyojifunza baadaye, maana kwetu kompyuta ya nyumbani mwa mchungaji si ya nyumba tu. Ina majina ya waliobatizwa, hesabu za matoleo, barua za jumuiya, mahubiri, nyimbo za kwaya. Ikifungwa, parokia nzima imefungiwa.

Mwanangu wa kwanza alikuwa anamaliza chuo. Alihitaji programu ya kuchora majengo, ambayo bei yake hatukuiweza. Rafiki zake wakamwonyesha mahali pa kuipata bure pamoja na krak, kile kiprogramu kidogo kinachovunja kufuli ya mwenye kuiuza. Akakifungua usiku. Antivirusi ikapiga kelele, naye akaizima, kwa sababu maagizo ya krak yalisema izimwe kwanza. (Angalieni hilo: mwizi anakuomba umfunge mbwa kabla hajaingia.) Kikatokea kidirisha kikisema kwamba Windows inajisasisha. Kumbe lilikuwa pazia, kazi inafanyika nyuma yake. Asubuhi kila faili ilikuwa imeongezewa herufi nne ngeni mwishoni mwa jina lake, wala hakuna iliyofunguka. Katika kila folda mlikuwa na barua ya Kiingereza, jina lake _readme.txt. Ilisema ufunguo ni dola 980, na mtu akiandika ndani ya saa 72 atalipa nusu.

Mwanangu alikosa, lakini kosa kubwa zaidi nililifanya mimi. Nilikuwa na flashi kabatini yenye nakala ya mahubiri yangu ya miaka kumi na moja. Nakala hiyo ilikuwa moja tu. Nikaichomeka katika mashini ileile ili nihakikishe kwamba ni nzima. Ilikuwa nzima. Baada ya dakika chache haikuwa nzima tena.

Sikujua kwamba virusi hivyo havimalizi kazi mara moja na kuondoka. Jamii yake inaitwa STOP, au Djvu, na imejulikana tangu mwaka 2018. Hujiwekea saa ndani ya Windows: kila dakika tano huamka na kutafuta kitu kipya cha kufunga. Flashi, diski ya nje, vyote vinavyoingia ni chakula chake. Pia huharibu orodha ndogo ya anwani ndani ya kompyuta ili usiweze kufikia tovuti za wanaotoa msaada. Na mara nyingi huja na mwenzake, mwizi wa maneno ya siri, anayechukua yale yaliyohifadhiwa katika kivinjari: barua pepe, Facebook, hata akaunti ya kanisa.

Virusi vya namna hii, vya kudai fidia, ni vya zamani kuliko wengi wanavyodhani. (Sisi wahubiri tunalipenda neno fidia, huku limeingia katika mikono michafu.) Mwaka 1989 disketi zipatazo elfu 20 zilitumwa kwa posta, zikidai kuwa na habari juu ya UKIMWI. Baada ya kompyuta kuwashwa mara 90, majina ya faili yalifichwa, na mwenyewe aliambiwa atume dola 189 kwa sanduku la posta huko Panama. Kufuli ile ilikuwa dhaifu, na wataalamu waliifungua upesi. Tangu CryptoLocker ya mwaka 2013 mambo yamekuwa magumu zaidi. Wezi wanatumia funguo mbili: moja ya kufunga, ambayo inakuja kwako, na nyingine ya kufungua, ambayo haifiki kwako kamwe. Inabaki kwao. Ndiyo sababu fundi wa mtaani, hata awe hodari namna gani, hawezi kuitafuta ndani ya mashini yako. Haimo.

Lakini kabla ya kulia, jua kwanza umeshikwa na nini. Nimeitwa nyumba nyingi tangu wakati ule, na katika nyingi hakukuwa na kufuli yoyote.

Kuna watu wanaoniletea flashi ambayo faili zake zote zimegeuka kuwa vile vimshale vya njia ya mkato. Hicho ni kirusi cha kawaida cha flashi, kinachozunguka katika vibanda vyetu vya kuchapisha. Faili hazikufungwa, zimefichwa tu. Msafishe kompyuta kwanza kwa antivirusi, kisha kijana anayejua amri ya attrib atazirudisha kwa mstari mmoja. Dada mmoja wa kwaya aliombwa dola 40 kwa kazi hiyo. Ni kazi ya dakika mbili.

Kuna wengine wanaoona kioo kizima kimefunikwa na nembo ya polisi na maneno ya kutisha kwamba wametazama picha chafu, na kwamba walipe faini sasa hivi. Wizi huo ulienea sana Ulaya mnamo 2012, wenye nembo za polisi wa kila nchi, za Ufaransa zikiwamo, na ndugu zake wako bado, mara nyingi ukurasa tu wa intaneti uliotanuka kujaza kioo, pengine na namba ya kupigia. Hakuna polisi wa nchi yoyote anayetoza faini kwa njia hiyo. Bonyeza Ctrl, Alt na Delete kwa pamoja, fungua orodha ya kazi, funga kivinjari, na ukiwasha tena usikubali kurudishiwa ukurasa uleule. Kisha tazama faili zako. Kama zinafunguka, hujapoteza kitu. Wezi hawa wanaishi kwa haya ya watu. Mkristo anayeogopa mkewe au wazee wa kanisa wasije wakadhani alitazama kweli mambo yale, atalipa kimyakimya. Wachungaji, watu wetu wajue kwamba wanaweza kutuletea jambo hili bila kuulizwa maswali mengine.

Kufuli ya kweli ina dalili zake: majina yameongezewa mwisho mgeni, faili hazifunguki hata kwenye mashini nyingine, na kuna barua yenye bei.

Hapo ndipo wezi wa pili wanapokuja. Mtu mmoja mjini kwetu aliniahidi kufungua kila kitu kwa dola 150, nusu mbele. Nilikaribia kumpa. Baadaye nilisoma kwamba mwaka 2019 waandishi wa ProPublica huko Marekani walifunua makampuni yaliyojitangaza kuwa na ufundi wao wa kufungua faili, kumbe yalikuwa yakiwalipa wezi kwa siri na kumtoza mteja zaidi. Na mwaka 2020 ilisambazwa dawa ya bandia ya Djvu. Aliyeifungua alifungiwa faili zake mara ya pili, kufuli juu ya kufuli, na programu iitwayo Zorab. Kwa hiyo dawa usiitafute popote tu.

Na kuwalipa wezi wenyewe? Wapo waliolipa wakapewa ufunguo. Wapo waliolipa wakanyamaziwa, au wakadaiwa tena. Mwaka 2017, virusi vya NotPetya vilipodai dola 300 kwa kila mashini, hapakuwa na njia ya kuzirudisha faili hata kwa aliyelipa. Sisi wa mashariki hatuhitaji kufundishwa hesabu hii. Tunajua jinsi watu wanavyotekwa barabarani, na kwamba njia ambayo fidia ililipwa jana, wateka nyara wanarudi kuivizia kesho. Mtu akilia kwa sababu ya faili zake simhukumu. Lakini makuta ya matoleo si yake kuyatoa, na mzee wa kanisa aliyenishauri tuyaguse sanduku nilimjibu hapana, ingawa moyoni nilitamani.

Basi ufanye nini? Kata intaneti kwanza: zima Wi-Fi, chomoa modemu. Chomoa flashi na kila kitu cha nje. Ukiona faili bado zinaendelea kubadilika jina, zima mashini yenyewe. Usichomeke kitu kingine chochote, nakala yako kuliko vyote. Piga picha ya ile barua kwa simu. Kwa simu au kompyuta nyingine, badilisha maneno yako ya siri yote, ukianza na barua pepe.

Halafu nenda kwenye tovuti ya No More Ransom. Ilianzishwa Julai 2016 na polisi wa Uholanzi, Europol na makampuni mawili ya usalama wa kompyuta. Ni bure, na ipo kwa Kifaransa. Unawapa faili mbili zilizofungwa, zisizo na siri za mtu, pamoja na ile barua, nao wanakuambia ni virusi gani na kama dawa ipo. Faili hizo zipeleke kwa flashi tupu usiyoijali, nayo usiitumie tena kabla ya kuisafisha. Kwa Djvu, Emsisoft ya New Zealand ilitoa dawa mwezi wa Oktoba 2019 kwa ajili ya aina 148. Matoleo mapya zaidi ni bahati. Kama virusi havikuweza kuwasiliana na wenyewe wakati wa kufunga, vilitumia ufunguo mmoja kwa watu wengi. Namba yako katika barua itaishia na t1, na siku moja ufunguo huo unaweza kupatikana. Pengine kule kuishiwa mega kunakotuudhi kila juma kumewaokoa watu fulani.

Namba yangu haikuishia na t1.

Hata hivyo usifute. Djvu, kwa haraka yake, hufunga mwanzo tu wa kila faili, kama kilobaiti 150. Barua ya Word ni ndogo, hivyo inakwisha yote. Lakini wimbo au video ni ndefu, na sehemu kubwa inabaki wazi. Kijana mmoja wa parokia jirani alizirekebisha nyimbo za kwaya yetu karibu zote, zikakosa sekunde za mwanzo tu. Nakili faili zilizofungwa kwenye diski moja, iweke kabatini, ndipo ufute mashini yote na kuweka Windows upya. Kusafisha tu na kuendelea hakutoshi, hasa kama mwizi wa maneno ya siri alikuwamo.

Juu ya krak nasema mara moja tu. Tunawafundisha vijana wasiibe, na katika ofisi zetu programu iliyonunuliwa ni ya kutafuta kwa tochi. Mimi pia nilikuwa hivyo. LibreOffice inaandika barua na hesabu bila kulipa hata franka moja, na mtu mwenye mega anaweza kuishusha mara moja akaigawia parokia kumi. Kwa kuchora majengo, mwanangu aliomba kibali cha bure ambacho kampuni ilikuwa ikiwapa wanafunzi. Kilikuwepo muda wote.

Sasa tuna diski mbili za nje. Moja iko kwangu, nyingine kwa mzee wa kanisa ng'ambo ya mto, na kila siku ya posho ya kwanza ya mwezi tunazibadilishana. Hakuna inayolala imechomekwa. Mahubiri ya miaka kumi na moja hayakurudi. Majina ya waliobatizwa yalirudi, kwa sababu mwandishi wetu mzee hakuwahi kuiamini mashini na aliendelea kuyaandika katika daftari kubwa la jalada gumu. Binti yangu aliyaandika upya yote katika likizo, kurasa 64, akiniita mara kwa mara nimsomee mwandiko.