Mnyama wa Kompyuta Hufunzwa Kwenda

Kijana ajifunzaye kuunda wanyama wa sinema kwa kompyuta hudhani mashine ndiyo fundi. Sivyo. Filamu ya Jurassic Park, iliyotoka Marekani mwaka 1993, ilipokuwa ikitengenezwa, Phil Tippett, bingwa wa kuchezesha sanamu kwa mkono, aliona kazi yake imekwisha. Kumbe bado alihitajiwa: alijua mnyama mzito hukanyaga vipi. Kikaundwa kiunzi cha chuma. Fundi akikikunja kiungo, mnyama wa kompyuta naye hukunjika.

Leo programu ya Blender hupatikana bure. Lakini mwanafunzi na aanze kwa kumtazama paka arukapo ukutani, kisha agawe mruko huo kwa picha 24 kila sekunde. Mwacha asili ni mtumwa.