Kosea kwa mdoli, usikosee kwa mtoto

Mtoto wa kwanza niliyejaribu kumsaidia kupumua alikufa mikononi mwangu. Bahati nzuri alikuwa mdoli wa plastiki aliyejazwa maji ya vuguvugu.

Nilikuwa nimekwenda kwenye mafunzo ya wakunga kama mtafiti, kuangalia tu wanavyojifunza. Mkufunzi, mama mmoja mkunga wa siku nyingi, akanigeukia: "Na wewe njoo ujaribu." Mwongozo nilikuwa nimeusoma mara tatu, hatua zote ninazo kichwani. Nikamkausha mdoli, nikamsugua mgongo, nikamsafisha mdomo, nikamsugua tena mgongo. Nilipokuja kuweka barakoa usoni na kuminya ambu, yaani ule mfuko wa kumpulizia hewa, kifua hakikupanda. Nikaminya kwa nguvu zaidi. Wapi!

"Dakika mbili na nusu, mwanangu," mkufunzi akasema, akiangalia saa yake.

Dakika mbili na nusu si nyingi ukiwa unasubiri daladala. Kwa mtoto aliyezaliwa bila kupumua ni nyingi mno. Wakunga hufundishwa habari ya "dakika ya dhahabu": mtoto akizaliwa, ndani ya sekunde 60 awe anapumua mwenyewe, au awe ameshaanza kupuliziwa hewa kwa ambu. Watoto wengi hulia wenyewe. Wachache wanahitaji kukaushwa na kusuguliwa tu, na wachache zaidi ndio wanaohitaji ambu. Hao wa mwisho ndio wenye shida. Kwa kuwa ni wachache, mkunga anaweza kukaa wiki kadhaa bila kukutana na hata mmoja, halafu akaletewa mmoja saa tisa usiku akiwa peke yake zamu.

Sasa jiulize: mkunga huyo atajifunzia wapi?

Kozi ya siku moja haitoshi

Jibu la kwanza linalokuja ni semina. Mwaka 2010 ulizinduliwa mpango wa kimataifa wa kufundisha wahudumu kumsaidia mtoto mchanga kupumua, unaofahamika kama Helping Babies Breathe, na Tanzania ilikuwa miongoni mwa nchi za mwanzo kuujaribu. Mdoli anayetumika, NeoNatalie, hutengenezwa na kampuni ya Laerdal ya Norway, ambayo mwaka 1960 ilitoa Resusci Anne, mdoli mkubwa wa kufundishia watu kumpulizia pumzi mtu mzima.

Hospitali ya Haydom, mkoani Manyara, wakunga walipata kozi hiyo ya siku moja. Watafiti wakawapima miezi 7 baadaye. Kwenye mdoli walikuwa wamepiga hatua kubwa. Lakini watafiti walipoangalia kinachofanyika kwa watoto halisi ndani ya chumba cha kujifungulia, hali ilikuwa karibu ileile ya zamani. Matokeo hayo yalichapishwa 2013. Kumbe kujua kitu kwenye mdoli na kukifanya kwa mtoto ni mambo mawili.

Hospitali ikabadilisha utaratibu. Badala ya kungoja semina nyingine, mdoli aliwekwa pale pale kazini. Wakunga wakawa wanafanya mazoezi mafupi ya dakika 3 hadi 5 kila wiki, pamoja na marudio marefu kidogo kila mwezi. Katika mwaka uliofuata, vifo vya watoto ndani ya saa 24 za kwanza vilishuka kutoka 11.1 hadi 7.2 kwa kila watoto 1,000. Hii ni hospitali moja, kabla na baada, kwa hiyo tusiseme mdoli peke yake ndiye aliyefanya kazi yote. Lakini namba kama hiyo huipiti hivi hivi.

Kosa linafundishaje?

Turudi kwenye barakoa yangu. Nilidhani tatizo ni nguvu, ndiyo maana niliongeza kuminya. Mkufunzi hakunisahihisha. Aliniuliza tu: "Kifua kinapanda?" Hapana. "Hewa inakwenda wapi?" Nikasikiliza. Ilikuwa inavuja pembeni ya barakoa, na kichwa cha mdoli nilikuwa nimekiinamisha mpaka njia ya hewa imejibana. Nikakinyoosha kidogo, nikakaza barakoa kwa vidole, nikaminya polepole. Kifua kikapanda.

Kinachofanya kazi hapo ni pengo. Kabla ya kuminya, kichwa changu kilikuwa kimeshatabiri: nikiminya, kifua kitapanda. Kisipopanda, ubongo unashtuka, na wakati huo ndipo maelezo yanapopata mahali pa kukaa. Maneno "hakikisha barakoa haivuji" nilikuwa nimeyasoma mara tatu bila kunigusa. Baada ya kusikia ile hewa ikitoroka, sidhani kama nitayasahau.

Ila kosa peke yake halifundishi. Ukikosea na usijue, unafanya mazoezi ya kukosea. Mambo matatu yanahitajika: uone matokeo papo hapo (kifua hicho hapo, kinapanda au hakipandi), uzungumze kilichotokea, halafu urudie mpaka upatie. Wanaoishia kwenye mazungumzo bila kurudia wameacha kazi nusu.

Aibu ndiyo adui

Na mazungumzo yenyewe yana masharti. Amy Edmondson, mtafiti wa Marekani, alichunguza makosa ya utoaji dawa katika wodi za hospitali. Alitegemea kwamba timu zenye uongozi mzuri na maelewano zitakuwa na makosa machache. Takwimu zake, zilizochapishwa 1996, zikaonyesha timu hizo zina makosa mengi zaidi! Alipochimba akaona sababu: hazikuwa zinakosea zaidi, zilikuwa zinasema zaidi. Kwenye timu za woga makosa yalikuwepo, ila yamefichwa.

Hili kwetu lina uzito wake. Wengi wetu tumesoma katika madarasa ambayo ukikosea unachekwa, au unachapwa. Tunafika kazini tumeshajifunza somo moja vizuri sana: ukikosea, nyamaza. Mkunga kijana aliyezoea kunyamaza hatamwambia dada mkuu wa zamu, "Barakoa inanivujia, nisaidie." Ataendelea kuminya, na dakika zinakwenda.

Ndiyo maana wakufunzi wazuri huanza kwa kuuliza: nini kimetokea, nini umefanya vizuri, na safari ijayo utafanya nini tofauti. Swali la "nani kakosea" halimo.

Baada ya ile siku nilirudia zoezi mara nne. Mara ya nne nilianza kupuliza hewa kwenye sekunde ya 50. Mama mkunga akatikisa kichwa kukubali, akasema: "Sasa rudi wiki ijayo, maana utakuwa umeshasahau." Nilirudi. Nilikuwa nimesahau kukinyoosha kichwa.

Wewe unayesoma uuguzi, udaktari, au hata ufundi umeme, tafuta mahali pa kukosea kabla hujafika mahali ambapo kosa lina jina na mama yake amelala kitanda cha pembeni.