Uwezekano, Bahati na Nasibu: Tatizo la Istilahi katika Usomeshaji wa Michakato Nasibu

Katika vyuo vikuu vya Tanzania nadharia hii husomeshwa kwa Kiingereza, ilhali mwanafunzi atokaye Wingwi, kaskazini mwa Pemba, huifikiria kwa Kiswahili. Makala haya yanadai kwamba sehemu ya ugumu anaoupata hutokana na neno uwezekano, ambalo kwetu hubeba dhana mbili.

Dhana ya kwanza ni kule kuweza kutokea: jambo ama lawezekana ama haliwezekani, wala hapana daraja baina ya hayo. Ya pili ni kiasi, yaani namba kuanzia 0 hadi 1. Katika kurusha dadu mkanganyiko huu haudhuru, kwani kila upande una kiasi chake, 1/6. Madhara huonekana pale wakati unapoingia. Tuchukue tone la kwanza la masika kuangukia paa fulani la makuti pale Wingwi. Kwa kuwa wakati ni mfululizo usiokatika, namba inayopewa nukta yoyote moja, tuseme saa 9 alasiri bila ya kuzidi wala kupungua, ni 0. Hata hivyo tone huanguka, na huanguka katika mojawapo ya nukta hizo. Mwalimu mwenye neno moja tu atalazimika kusema kwamba jambo lenye uwezekano sifuri linawezekana, na mwanafunzi makini ana haki ya kulikataa.

Bahati halifai, kwa sababu limeelemea upande wa heri mpaka liongezewe mbaya. Nasibu halina mwelekeo huo. Mwaka 1933 A. N. Kolmogorov aliijenga nadharia nzima juu ya dhana ya kipimo, mfano wa urefu au eneo, ila jumla yake ni 1. Nukta ya mstari haina urefu, na bado ipo. Kwa hiyo napendekeza kipimo cha nasibu kwa namba hiyo, na uwezekano libakie kwa dhana ya kwanza. Mchakato nasibu utakuwa mkusanyo wa vigeu nasibu vilivyopangwa kwa wakati, mathalani kina cha mvua ya kila siku ya mwaka.

Wapo watakaoona kuwa nasibu inagongana na kudra. Lakini nadharia hupima tu, haiulizi nani kaileta mvua. Pingamizi zito zaidi ni la kisarufi: kunasibisha tayari kuna maana ya kuhusisha, hivyo kitenzi hicho hatuwezi kukitumia, na itatubidi turidhike na kuchagua kwa nasibu.